Kila Mtu na Mwandiko Wake wa Simu

Wanaonifahamu vizuri wanaweza kugundua kwamba simu yangu imeshikwa na mtu mwingine kabla hawajaisikia sauti yake. Meseji zangu huanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta, na neno "shikamoo" huliandika lote, hata nikiwa nimesimama ndani ya mwendokasi huku mkono mmoja umeshika bomba. Sikati maneno, siivunji sentensi moja katika meseji nne, na koma huiweka mahali pake hata ninapomwagiza kijana wa dukani aniletee katoni ya maji. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye hunitafuta kwa "dd uko wap" na kuishia hapo, husema kwamba kupokea meseji yangu ni sawa na kupokea barua ya shule inayomwita mzazi.

Sijisifu kwa hilo, kwa sababu uandishi huo sikuuchagua. Nimeajiriwa katika ofisi ya wakala wa forodha huko Kurasini, jijini Dar es Salaam, ambako siku nzima ninaandika maombi na maelezo ya mizigo, na ambako neno moja lililokosewa kwenye hati linaweza kuirudisha hati yote wakati kontena linaendelea kulipiwa gharama za kukaa bandarini. Mtu aliyezoea kuogopa nukta iliyokosekana kuanzia saa mbili asubuhi hawezi kuiacha hofu hiyo getini saa kumi na moja jioni. Nimekuja kuamini kwamba ndivyo ilivyo kwa karibu kila mtu ninayechati naye: namna anavyoandika imetengenezwa na simu aliyojifunzia, na bei aliyokuwa akilipa, na watu aliolazimika kuwaheshimu kwa maandishi. Simu hubadilika na bei hushuka, lakini mwandiko hubaki.

Tuchukue wale wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa", ambao walimu na wazazi wamewalaumu kwa miaka mingi kwamba wanaiharibu lugha. Chukua simu ya batani, kile kitochi ambacho bado kinauzwa Kariakoo, ujaribu mwenyewe. Herufi s iko kwenye kitufe cha 7, nayo ni ya nne baada ya p, q na r, kwa hiyo kuipata lazima ubonyeze mara nne. Herufi x iko kwenye kitufe cha 9 na ni ya pili. Neno "sasa" linahitaji mibonyezo kumi, lakini "xaxa" linahitaji sita tu, na kwa kijana anayeandika meseji nyingi kwa siku kwa kidole gumba kimoja, tofauti hiyo si ndogo. Vivyo hivyo "si" ni mibonyezo saba, ilhali c ni mitatu, na ndiyo maana "sijui" ikawa "cjui" na "usiku mwema" ikawa "ucku mwema". Silabi "tu" ilikuwa na adha yake ya pekee, kwa sababu t na u zote zipo kwenye kitufe cha 8, na kwa hiyo baada ya kubonyeza t ulipaswa kusubiri kidogo ili kialama kisogee mbele ndipo ubonyeze u. Kushikilia kitufe cha 2 hadi tarakimu itokee kulikuwa rahisi zaidi, na hapo tukapata "wa2", "ki2" na "2onane kesho".

Hata "habari" kugeuka "hbr" kuna maelezo yake. Katika neno hilo, a, b na a zimefuatana, na zote tatu zimo ndani ya kitufe kimoja, kwa hiyo mwandishi alipaswa kusubiri mara mbili katikati ya salamu. Kwa bahati, au kwa upendeleo, neno "mama" lilikuwa mibonyezo minne inayotiririka bila kusubiri popote, wakati "baba" lilikuwa lote kwenye kitufe cha 2 na lilihitaji uvumilivu. Sitaki kujenga hoja yoyote juu ya hilo, ila nimewahi kuwaambia akina baba wa ukoo wetu nao hawakufurahi.

Kulikuwa pia na suala la nafasi. Meseji ya kawaida ina herufi 160, kiwango kilichowekwa na mafundi wa Ulaya wakati wa kubuni GSM, yaani mtandao wa simu za mkononi, kabla meseji ya kwanza haijatumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ujumbe mmoja ulipewa baiti 140, na kwa kuwa kila herufi ilihifadhiwa kwa biti saba badala ya nane, zikapatikana herufi 160. Ukizidisha hapo, simu inaukata ujumbe vipande viwili na mtandao unakutoza meseji mbili. Enzi hizo ambapo watu walikwangua vocha ya jero na kuigawa kati ya kupiga na kuandika, mtu mwenye akili timamu asingekubali kulipia meseji ya pili kwa ajili ya irabu ambazo msomaji angeweza kuzijaza mwenyewe. Kiswahili kinaruhusu jambo hilo kuliko lugha nyingi, maana silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu inayofuata, na msomaji anayekutana na "nmefka slm" hana haja ya kukisia sana. Waliokosa hata hela ya meseji walibipu, na familia nyingi zilikuwa na makubaliano yao: simu ikiita mara moja na kukatika maana yake nimefika salama, mara mbili maana yake nipigie.

Jambo linalonivutia zaidi katika uandishi huo ni kwamba vijana walizipa kazi herufi ambazo Kiswahili sanifu kilikuwa kimezinyima kazi. Sisi hatuna q wala x, na c haisimami peke yake bila h. Zilikuwepo kwenye kila simu, zimekaa bure. Mtu aliyeandika "cna" kwa maana ya "sina", au "qwel" kwa maana ya "kweli", hakuwa amesahau tahajia aliyofundishwa darasa la pili. Alikuwa ameona herufi isiyo na mwenyewe akaitwaa, na wenzake wakamwelewa mara moja bila mtu yeyote kuitisha kikao cha baraza la lugha.

Sasa, kwenye simu janja hesabu hiyo yote imekufa. Herufi s na x zimekaa jirani kwenye kibodi ya kioo, kila moja mguso mmoja, na ukiandika "xaxa" hutaokoa chochote. Bando la WhatsApp haliulizi umeandika herufi ngapi. Hata hivyo nina rafiki, mama wa watoto watatu na mhasibu mwenye cheti chake ukutani, ambaye hadi leo huniandikia "xaxa mpnz" na "nakmic xana", na siku akiniandikia "Habari za asubuhi" nitafunga ofisi nimfuate kwake Tabata kuangalia kama yuko salama. Sababu iliyouzaa uandishi ule imeondoka, na kilichobaki ni yeye mwenyewe.

Wazee wetu walitokea upande mwingine kabisa. Mama yangu na dada zake walijifunza kuandikiana kwa barua, na barua ya Kiswahili ya kizazi chao ilikuwa na utaratibu ambao mtoto wa shule aliukariri: baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ndipo yalipofuata yaliyomo. Ukikumbuka hilo, utaielewa meseji ya mama mkubwa wangu wa Mbagala, ambaye huandika hivi, kwa herufi kubwa tupu kwa sababu hajaona haja ya kuzipunguza: "HUJAMBO MWANANGU. MIMI SIJAMBO. WATOTO HAWAJAMBO. ULE MCHELE UMEFIKA. NI MIMI MAMA YAKO MKUBWA." Jina lake limo kwenye simu yangu, picha yake ninaiona juu ya meseji, lakini barua isiyo na jina la mwandishi chini yake haijakamilika, na sidhani kama yupo mjukuu atakayemshawishi vinginevyo. Nimewasikia vijana wakisema kwamba herufi kubwa ni kupiga kelele. Huenda ni hivyo kwao, lakini mama mkubwa wangu hajawahi kumpigia mtu kelele, na anayemsoma kwa kanuni asizozifahamu yeye ndiye mwenye kukosa adabu.

Hapa ndipo inapoanza migogoro midogo midogo ambayo haikuwepo katika mazungumzo ya mdomo. Nukta yangu ya mwisho, kwa mfano, imenigharimu. Binamu yangu aliwahi kuniuliza kama amenikosea, kwa sababu alinieleza kwa aya nzima kwamba hatafika Kigamboni siku ya Jumapili nami nikamjibu "Sawa." Kwangu nukta inamaanisha kwamba sentensi imeisha. Kwake nukta baada ya neno moja inamaanisha kwamba mazungumzo yameisha, na pengine undugu nao. Jambo hili limechunguzwa kwingineko: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton nchini Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, walieleza kwamba wanafunzi waliosomeshwa majibu mafupi ya meseji yaliyoishia kwa nukta waliyaona hayatoki moyoni kama yale yasiyo na nukta, na kwamba tofauti hiyo haikuonekana majibu yaleyale yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi. Sababu inaeleweka bila mashine. Kwenye meseji, kitendo cha kutuma tayari kimekuwa nukta, kwa hiyo anayeongeza nyingine atadhaniwa kuwa amekusudia kitu.

Hapa kwetu tuna ngazi zetu za ukali ambazo hakuna mgeni angezibaini. "Sawaaa" yenye irabu tatu mwishoni ni ridhaa ya moyo mkunjufu. "Sawa" peke yake ni kawaida. "Sawa." imekwishaelezwa. "Haya" ni hatua ya juu zaidi, kwa maana anayekuandikia "Haya" na kunyamaza amekuachia mwenyewe, na ukimpuuza atakukumbusha mwezi ujao. Na kuna "Poa", ambayo kwa rika moja ni jibu zuri kabisa, ila ukimtumia shemeji mkubwa aliyekuandikia kwa heshima utakuwa umeanzisha kesi. Vikatuni vya kucheka hadi machozi huwekwa mwishoni mwa maneno makali ili mtu asije akasema ametukanwa, na viganja viwili vilivyokutanishwa hubeba asante, tafadhali, samahani na amina kwa wakati mmoja, hata nikashangaa tuliishije bila hivyo.

Mahali ambapo niliiona miandiko yote hii imekusanyika ni kwenye grupu la kamati ya harusi. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa baba yangu mdogo; vikao vilifanyika Sinza Jumapili jioni, lakini kazi yenyewe ilifanyika kwenye simu. Anayeijua Dar es Salaam anajua ile orodha ya ahadi inayonakiliwa na kubandikwa upya kila mtu anapoongeza jina lake, hadi mtu mmoja anainakili orodha ya zamani na kuwafuta watano waliokwisha kuahidi, na mhazini anaingia akiwa amepandwa na hasira huku akijitahidi kuandika kwa upole. Mwenyekiti wetu, mtumishi mstaafu wa serikali, hakuwahi kuandika neno lolote bila kwanza kuwasalimu wote kwa imani zao: "Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam alaykum. Wanakamati, habari za jioni. Kama mnavyofahamu, muda sio rafiki." Ilichukua mistari mitatu kufika kwenye ukumbi na mpishi, lakini hakuna aliyeweza kulalamika kwamba ameachwa nje.

Katibu husoma kila kitu, na baada ya muda nilianza kujua nani atalipa kwa kutazama tu namna alivyoandika. Walioandika "Pamoja sana" na "Tupo pamoja mkuu" wakaongeza na vikatuni vya misuli ya mkono, wengi wao tuliwakumbusha mpaka wiki ya sendoff. Mtu aliyeandika "Ahadi yangu laki moja, nimetanguliza hamsini, nitamalizia tarehe tano" alimalizia tarehe tano. Wale waliokaa kimya moja kwa moja waligawanyika: kuna waliotoroka, na kuna wazee wawili ambao hawakuandika lolote hadi mwisho, kisha kila mmoja akatuma hela nyingi kuliko wote waliokuwa wakizungumza. Mhazini alitaka tuitangaze michango yao kwenye grupu, nao wakakataa kwa meseji za faragha, moja imeandikwa "hapana", nyingine imeandikwa "Hapana mwanangu, sio lazima, Mungu ameona."

Salamu zenyewe zina mgogoro wake, na hapa nina upande. Kuna watu wanaotuma "Mambo" au "Dada" kisha wanasubiri. Hawasemi wanataka nini hadi uitikie. Ofisini jambo hili linanichosha, maana ninafungua simu katikati ya kazi na kukuta majina manane yenye salamu nane na hakuna hata shida moja niliyoweza kuianza. Nimekuwa nikipendekeza kwa wenzangu kwamba salamu na haja ziende kwenye meseji moja, kila kitu kwa pamoja, mpokeaji ajibu anapopata nafasi. Kwa vijana limepita. Lakini shangazi yangu wa Tandika, nilipomwandikia "Shikamoo shangazi, naomba namba ya fundi wa makochi," alinijibu "Marahaba" na hakutuma namba. Nilipompigia aliniambia kwamba salamu huitikiwa kwanza, na kwamba anayeunganisha salamu na ombi anaonyesha kwamba asingekuwa na ombi asingesalimia. Sina jibu la hoja hiyo. Kwa hiyo nina taratibu mbili, moja ya watu wa rika langu kushuka chini, na nyingine ya wakubwa, ambao ninawasalimia na kusubiri kama nilivyofundishwa nyumbani.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama jiji hili lisingekuwa na matapeli. Kila mwenye simu hapa ameshapokea ile meseji ya "iyo ela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani", au ya "mimi baba mwenye nyumba wako, hii ndiyo namba yangu mpya". Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kuripotia meseji hizo, lakini bado zinakuja, kwa sababu kati ya watu wengi wanaozipokea, lazima yupo mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu pesa. Kinachowaokoa wengine wote, kwa ninavyoona, ni mwandiko. Mwenye nyumba ambaye kwa miaka yote amekuwa akiandika "kodi" tupu, neno moja, tarehe ishirini na nane, hawezi ghafla kuanza na "Habari mpangaji wangu mpendwa".

Kaka yangu aliwahi kuibiwa akaunti yake ya WhatsApp kwa njia ileile ya kulaghaiwa ataje tarakimu sita za uthibitisho. Aliyeiba aliwaandikia ndugu karibu wote akiomba laki na nusu ya haraka. Mama yetu alipokea "Mama nimepata matatizo naomba unisaidie nitakueleza baadaye", akaiweka simu chini akaendelea kuchambua mchele. Alipoulizwa jioni kwa nini hakuhangaika, alisema kwamba mwanawe hajawahi kumwandikia "Mama". Humwandikia "maza", bila shikamoo, jambo ambalo wamegombana nalo kwa miaka, na akiwa na shida ya kweli huwa haandiki kabisa, hupiga. Mwizi hakuwa na namna ya kulijua hilo. Anayeihamishia akaunti kwenye simu nyingine hazikuti meseji za zamani, kwa kuwa hizo zimehifadhiwa kwenye simu ya mwenyewe, kwa hiyo anapata jina na picha na orodha ya magrupu, lakini hapati sauti.

Mahakama nazo zimelitambua jambo hili. Nchini Uingereza, msichana mmoja alipotea mwaka 2005, na baada ya kupotea kwake simu yake iliendelea kutuma meseji zilizoonyesha kwamba yuko hai. Mtaalamu wa isimu, Malcolm Coulthard, alizilinganisha na meseji alizoziandika msichana huyo zamani na akakuta vitu vidogo vidogo havifanani: matumizi ya "me" mahali ambapo yeye huandika "my", na nafasi inayoachwa baada ya tarakimu "2" iliyosimama badala ya neno "to", ambayo yeye hakuwa akiiacha. Tabia hizo mpya zilifanana na uandishi wa mwanamume aliyekuwa akishukiwa, naye akatiwa hatiani mwaka 2008. Ushahidi wa namna hiyo hausimami peke yake, na wataalamu wenyewe hawadai kwamba mwandiko ni alama ya kidole. Ila ninapoisoma kesi hiyo nawaza "wa2" na "wa 2", na ninajua bila kufikiri nani kati ya ndugu zangu huandika lipi.

Kuna vitu vingine vya aina hiyo ambavyo nisingeviona kama nisingekuwa msomaji wa hati. Mdogo wangu huidondosha h popote aipatapo, akaandika "iyo", "apo" na "alafu". Dereva wa ofisi yetu huiongeza pasipohitajika, "hasante sana bosi". Fundi wangu wa umeme huandika "mda" na kamwe si "muda". Wapo wanaoishia njiani, "nyumban", "kazin", "asubuh", na hao wamejaa hadi nadhani wanaoandika neno zima ndio wachache. Walimu wa shule huyaona haya kwenye insha na kuyapigia mstari mwekundu, nao wako sahihi, kwa sababu mtihani una msomaji wake. Nje ya mtihani sijamsahihisha mtu tahajia tangu niache kuvaa sare, na sioni faida ya kumwambia fundi aliyepanda juu ya nguzo kwamba muda una herufi nne.

Wengine wamejitoa kwenye mjadala huu kwa kuacha kuandika. WhatsApp ilipoanza kupokea sauti zilizorekodiwa mwaka 2013, watu ambao maandishi yaliwasumbua walipumua, na sasa baba yangu mdogo wa Gongo la Mboto hutuma sauti ya dakika nne yenye kelele za bodaboda, ambamo haja yake iko sekunde kumi za mwisho. Ninampenda, na ninamsikiliza nikiwa nimefika nyumbani.

Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni upande wa pili, yaani watu ambao maandishi yao yamekuwa mazuri ghafla. Kibodi hupendekeza neno linalofuata, na programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili kilichonyooka kwa yeyote anayeomba. Tulipofiwa na babu, grupu la ukoo lilijaa rambirambi za aya mbili mbili zenye "kwa masikitiko makubwa" na "katika kipindi hiki kigumu", kutoka kwa vijana ambao nimewajua kwa "cjui" na "jmn". Hakukuwa na kosa hata moja. Binamu yangu wa Kimara naye alibandika aya ya aina hiyo, watu wakaitikia amina, kisha baada ya nusu saa akaniandikia pembeni: "dd pole xana jmn, nmelia adi nmechoka, babu kaondoka". Ile ya kwanza sikuijibu, na sidhani kama alitarajia nimjibu.

Ofisini madhara yake ni ya fedha. Zamani mteja akituma maelekezo kwa simu nilikuwa na uhakika wa kutosha kwa kumsoma tu, kwa sababu nilijua nani hukosea "risiti" na nani hutanguliza dua. Sasa wateja wetu watatu wa Kariakoo, ambao hawafahamiani, wananiandikia kwa mtindo mmoja, kwa aya zilizopangwa na maneno ya heshima yaliyofanana, na tapeli naye anaweza kuandika vilevile bila jasho. Kwa hiyo tumekubaliana na bosi kwamba meseji yoyote inayotaka kubadilisha namba ya akaunti au jina la mpokeaji wa mzigo, hata ikiwa imeandikwa vizuri kiasi gani, haifanyiwi kazi hadi mwenyewe apigiwe kwa namba yake ya zamani iliyomo kwenye faili. Ikija na "iyo" na "mda" kutoka kwa mtu ambaye siku zote huandika hivyo, bado tunapiga, ila ninapiga nikiwa na moyo mwepesi zaidi.